Moshi Usio na Baba

Juzi mvua ilinyesha, na kuni za jikoni hapa shuleni zikalowa tepetepe. Mpishi wetu, mtu asiyeshindwa na jambo dogo kama mvua, akakata vipande vya tairi kuukuu la lori akawashia jiko. Sisi wa Fom Thri tulikuwa katikati ya hesabu, kila mtu anazama kivyake. Moshi ukaja polepole kama mkaguzi wa shule, ukapita dirishani, ukakaa. Mweusi, mzito, wa kutafunika. Mwalimu akaanza kukohoa ubaoni, chaki ikamponyoka. Nami, bila kufikiri, mdomo ukanitoka kama kawaida yake: "Na huyu ni mtoto wa nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akadhani namsema yeye. Adhabu yangu ikawa kuokota taka uwanja mzima, mpaka kwenye mathenge, ile miti ya miiba, kule uani. Ni huko, rafiki yangu, nimeinama na gunia mkononi, moshi bado umening'inia juu ya bweni, ndipo nilipomkumbuka bibi yangu hadi nikakaa chini. Maneno yale hayakuwa yangu. Mimi niliyarithi tu, kama wenzangu wanavyorithi ngamia.

Nilikuwa na miaka kama kumi, tukikaa Garissa, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu isipokuwa midomo ya watu. Bibi akateremka kwenye lori la mifugo kutoka malishoni upande wa Sangailu, ngamia wake karibu wote wamekufa. Kwetu bibi ni ayeyo, na yeye naye akikuita anakuita ayeyo hivyo hivyo, maana jina hilo hurudi lilikotoka. Alikuja na vitu vitatu: chetezo cha udongo, chombo cha mbao cha maziwa, na ulimi. Ulimi ndio uliokuwa mzigo mkubwa. Siku ya kwanza aliusogelea mfereji wa maji uani, akaufungua, ukatoa matone mawili na pumzi. Akaugeukia umati wa wajukuu. "Ngamia wa chuma," akasema, "na bado ni tasa."

Tulipewa chumba kimoja, yeye na mimi, kile cha nyuma cha mabati chenye dirisha dogo kama daftari. Waliniweka naye kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kulala na mdomo wangu. Walikosea sana. Walikuwa wamemweka fundi na mwanagenzi wake chumba kimoja.

Sasa, kwetu mtu hataji jina lake peke yake. Unataja baba, na babu, na baba wa babu, mpaka anayesikiliza atosheke au asinzie. Ayeyo alikuwa na mababu ishirini kichwani, wamepangwa kama shanga, na alinifundisha akinisuka, kila babu na msuko wake, nikikosea, anavuta. Na hakuishia kwa watu. Moshi nao aliupa ukoo. Kuna moshi wa kufukizia vyombo vya maziwa ili yasiharibike, huo baba yake ni mti fulani wa nyikani na hana masihara. Kuna moshi wa zizini wa kufukuza mbu, huo mama yake ni kinyesi cha ng'ombe, lakini una adabu. Na kuna moshi wa unsi, yaani ubani uliopikwa na sukari na manukato, unaofukizwa chumbani kila jioni hadi shuka zinukie. Huo ni binti wa sultani. "Moshi ukiingia nyumbani kwako," alikuwa akisema, "uulize baba yake. Ukikosa jibu, utoe."

Baada ya sala ya alasiri tulikunywa chai yetu, ile nyeupe ya iliki na tangawizi ambayo sukari yake ingemsimamisha maiti. Kando yake sahani ya nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya samli. Sheria ya mimi na Ayeyo ilikuwa moja: atakayemchekesha mwenzake ndiye mwenye kipande cha mwisho. Mimi nilijitahidi, wallahi. Nilimwigiza mjomba akitafuta sandali zake msikitini. Nilimwigiza shangazi akitembea na buibui jipya. Ayeyo alinitazama kama anayetazama mvua za mbali, kisha akasema neno moja tu kuhusu pua ya mjomba, nami chai ikanitokea puani mwangu. Kipande kikaenda zake. Kwa miezi kadhaa nilishinda mara nne tu, na mara mbili nadhani alinihurumia.

Halafu jirani akafungua hoteli yake ya supu.

Alikuwa kijana mpole kutoka vijiji vya kando ya mto, mwenye Kiswahili kitamu, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo tu ya ua wetu wa miti. Aliuza supu ya vichwa na kwato za mbuzi. Ili kuondoa manyoya lazima uchome, na kuni wakati wa ukame zilikuwa mbali. Matairi hayakuwa mbali. Garissa kila lori linalofika limechoka, na likifika huvuliwa viatu. Basi kila alfajiri watu wakitoka msikitini, moto unawaka, moshi mweusi unapanda, unaona ua wetu, unaona dirisha letu la daftari, unasema hodi bila kungoja karibu. Na baada ya adhuhuri tena, kwa ajili ya supu ya magharibi.

Nami, kusema kweli, niliinywa ile supu. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na ladha kidogo ya lori la Mandera, lakini tamu.

Ayeyo alifanya alichojua. Kwa mwanamke wa kwetu nyumba kunuka vibaya ni aibu kuliko nyumba kuanguka. Aliziba dirisha kwa kipande cha gunia, akafunga mlango, akawasha chetezo, akatia unsi kumfukuza yule mgeni. Lakini mgeni alikuwa ameshaingia, na sasa alikuwa na mwenzake. Sare yangu ya shule ilinuka kama harusi iliyofanyiwa gereji.

Kwanza Ayeyo alilalamika kichwa. Halafu akaacha kulalamika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akaanza kuamka amechoka. Akamkaripia mama kwa sababu ya kijiko. Siku moja chai ilimwagika akalia, yeye aliyezika ngamia wote wale na bado akafika mjini anatania mfereji. Alasiri nilimwigiza mjomba, sandali zote mbili, na yeye akanisukumia sahani nzima bila kuniangalia. Siku tatu nilikula nyirinyiri kama mfalme. Siku ya nne nilikirudisha kipande sahanini.

Kisha siku moja ananisuka, tunataja mababu, akafika kwa wa saba. Vidole vikasimama kichwani mwangu.

"Ayeyo, endelea."

"Amepotea," akasema.

"Nani?"

"Babu. Alikuwa hapa, amepotea. Ni kama mtu amekalia kichwa changu, sioni nyuma yake."

Nywele zangu zilikaa nusu zimesukwa, nusu zimesimama, na wala sikufanya mzaha nazo.

Kikao kikakaliwa. Mama akasema ni ngamia, bado anawalilia. Ayeyo akajibu kutoka ukutani alikogeukia, "Ngamia nimewalilia wakaisha. Hiki ni kitu kingine." Shangazi, aliyekuja kutoka Wajir na dawa ya kila jambo, akasema ni jini la mjini, na jini halipendi unsi. Basi dawa ikawa ile ile, mara tatu. Mlango ufungwe, gunia likazwe, chetezo kijae asubuhi, alasiri na jioni, mgonjwa akae ndani. Ukipita nje ungedhani chumba kinachemka. Na Ayeyo akazidi kudidimia. Shuleni watoto wakaanza: "Bibi yako ana wazimu! Bibi yako anaongea na mabati!" Nilipigana na wawili, nikashindwa na wote wawili.

Mjomba ndiye aliyetia msumari. Alisema mwezi ukiisha bila nafuu atampandisha basi ampeleke Nairobi, kwenye hospitali ile ya watu waliorukwa na akili. Alisema kwa sauti ya upole, na ndiyo maana niliogopa. Mjomba akipiga kelele anatania.

Ikaja Idd. Mtu wa supu akafunga kibanda siku tatu akaenda kijijini kwao kando ya mto. Siku ya kwanza Ayeyo alikula. Siku ya pili aliomba mlango uachwe wazi atazame watoto na nguo zao mpya. Siku ya tatu mjomba alipita amevaa suruali mpya ya kitambaa inayong'aa, nami nikamnong'oneza Ayeyo, "Inabidi tumfunike, ndege zisije zikadhani ni taa za uwanja zikatua." Akacheka! Kicheko kile cha kifuani, kinachoanza kama kikohozi cha ngamia. Nilikichukua kipande changu cha nyirinyiri nikakiweka mfukoni, kama ushahidi.

Siku ya nne mtu wa supu akarudi na tairi. Mchana Ayeyo akageukia ukuta.

Hata mimi, niliyekuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini darasani, nilijua kujumlisha hapo. Nikaenda kwa mama. "Mama, ni tairi."

"Tairi gani?"

"La supu. Linamkalia Ayeyo kichwani."

"Nenda kaoshe vikombe."

Nikaenda kwa mjomba. Akasema watu wanapikia moshi tangu Nabii Adamu na hakuna aliyesahau babu yake. Nikamwambia Nabii Adamu hakuwa na babu wa kumsahau. Nikarudi kuosha vikombe, na sufuria pia.

Hapo shangazi akamleta maalimu wa chuo cha Kurani amsomee mgonjwa. Mzee mnene, mwenye sauti nzuri na ndevu za hina. Akaingia chumbani, mlango ukafungwa nyuma yake, chetezo kikapulizwa kwa heshima yake. Sisi watoto tulitega masikio kwenye mabati. Alianza vizuri sana. Akafika aya ya tatu akakohoa. Akaanza upya, akakohoa upya. Halafu mlango ukafunguliwa kwa teke na maalimu akatoka na machozi mpaka kwenye hina.

"Fungueni humu!" akapiga kelele. "Subhanallah! Hata jini hawezi kukaa humu!"

Alimaliza kisomo nje, kivulini, Ayeyo ameketi kwenye mkeka mbele yake, na kabla ya kuondoka akaamuru mlango na dirisha visifungwe tena, na chetezo kipumzike. Nilitaka kumbusu mkono. Lakini tatizo lilibaki nusu. Binti wa sultani ametolewa, sawa, ila sasa dirisha liko wazi na yule mwingine anaingia bila hata kuinama. Na mwezi wa mjomba ulikuwa umebaki siku kumi na mbili.

Basi nikaiba matairi.

Garissa saa ya jua kali haina mtu. Kila kitu kinalala, hata mbuzi. Nilijipenyeza kwenye ua, nikachukua tairi moja nyuma ya kibanda, nikalisukuma kwa fimbo kichochoroni, hijabu yangu inapepea nyuma kama bendera ya nchi isiyojulikana. Ukitaka kujua furaha, rafiki yangu, sukuma tairi mchana na huku unajua ni dhambi. Nililipeleka mpaka kwenye vichaka karibu na mto. Kesho yake mawili. Matairi yakawa mengi kuliko vichaka, nikaanza kugawa kwa wavulana wa mtaa, na wale wawili walionipiga niliwapa makubwa zaidi kwa sharti wafunge midomo kuhusu bibi yangu. Mtaa mzima ukawa na mashindano. Jirani akawa anawasha kwa vipande vya mwisho vya mwisho, halafu akawa hana.

Alinikamata siku ya tisa, siku alipopata tairi lingine. Nimeinama, tairi limenifika kifuani.

"We mtoto! Unapeleka wapi?"

"Matembezi," nikasema. "Limekaa sana."

Hakunipiga. Alinishika sikio kwa mkono mmoja, akasukuma tairi kwa mwingine, tukaingia uani kwetu watatu. Ayeyo alikuwa mlangoni mwa chumba. Siku zile chache zisizo na moshi zilikuwa zimemrudisha kama mtu anayepanda kutoka kisimani: mkono kwanza, halafu kichwa. Lakini alikuwa bado mzito wa maneno, na mjomba alikuwa ndani anakunja nguo za Ayeyo kwenye mfuko wa safari.

"Bibi," jirani akasema, "shikamoo. Mjukuu wako ananimalizia matairi. Nimemuuliza anapeleka wapi, anasema matembezi."

Ayeyo akanitazama. Akatazama tairi. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni. "Matembezi," akarudia. Kisha kile kikohozi cha ngamia, kutoka chini kabisa, kikamtikisa mpaka akashika mlango. Mjomba akachungulia na gauni mkononi. Jirani mwenyewe akaachia sikio langu.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho, akakaa mkekani, akaanza na Kiswahili chake, ambacho kilikuwa na viungo vyake mwenyewe.

"Wewe mtu ya subu. Kaa. Ile moshi naingia hapa, baba yake nani?"

"Ni tairi, bibi."

"Tairi baba yake nani?"

"Ni... lori."

"Na lori?"

Jirani akakuna kichwa. "Hapo sijui, bibi."

"Umeona? Mgeni hana baba. Nakuja kila asubuhi, hasalimii mtu, nakalia kichwa yangu. Mimi nasahau babu yangu ya saba kwa sababu ya mtu hana hata babu moja!"

Kijana aliinamisha uso. Aliyokuja nayo ni mashtaka, sasa yeye ndiye mshtakiwa. "Wallahi sikujua, bibi. Hata mimi kichwa kinaniuma, nikadhani ni jua. Lakini kuni nitatoa wapi?"

Ayeyo akaninyooshea kidole bila kugeuka. "Hii hapa. Hii naenda leta mathenge kila siku, mwezi moja. Maji moto kwanza, kisu, nakwangua manyoya. Halafu moto kidogo tu ya kumaliza. Sisi malishoni hatuna tairi, na kichwa ya mbuzi tunakula."

Jirani akaniangalia kwa huruma. Anayejua miiba ya mathenge atajua kwa nini. Kisha Ayeyo akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, maana hajawahi kumuuliza tangu awe jirani. Akataja baba na babu, akakwama. Ayeyo akacheka, akaanza kutaja wa kwake, polepole, kidole kikihesabu goti: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa saba nilifumba macho. Alimtaja. Akampita kama jiwe la njiani, akaendelea mpaka wa ishirini. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani, na nikasikia nguo zikitolewa kwenye mfuko wa safari, moja moja.

Mwezi mzima nilibeba mathenge. Nina alama bado, hapa mkononi na pale nisipoweza kukuonyesha. Supu ikawa nyeupe na safi, wateja wakaongezeka, na jirani akanipa bakuli kila siku, akidai sasa ndiyo ameonja mbuzi kwa mara ya kwanza. Shangazi mpaka leo anasema jini liliondoka kwa kisomo. Mwalimu wetu wa baiolojia anasema ubongo ndio mlafi wa hewa kuliko viungo vyote, ukiulisha uchafu lazima unune. Mimi sibishani na yeyote kati yao. Nilichokiona nilikiona.

Nilichosahau kukipigia hesabu ni hiki. Mvua zikaja, majani yakaota, na Ayeyo, kichwa kimetulia, akaanza kutazama upande wa Sangailu kila asubuhi. Mtu aliyegeukia ukuta hasafiri, aliyepona husafiri. Nilimwambia nimemponya ili abaki. Akanivuta msuko taratibu. "Ayeyo, ulinitafuta ukanipata. Huyu uliyempata si mtu wa mjini."

Lori lilimchukua asubuhi, amekaa mbele na chetezo mapajani. Nilikuwa nalia wazi wazi, bila hata kusingizia vumbi. Akatoa kichwa dirishani, akayaangalia magurudumu, akaniangalia mimi, akapaza sauti soko zima lisikie:

"Na haya usiyapeleke matembezi mpaka nifike!"

Nikacheka, makamasi na yote. Alishinda. Nikakimbia kando ya lori nikampa kopo zima la nyirinyiri, maana sheria ni sheria.

Alikufa miaka mitatu baadaye, malishoni, kwenye upepo, akitaja mababu kwa mpangilio. Hivyo ndivyo walivyotuambia. Kibanda cha supu kilichukuliwa na mvua kubwa zile zilizokata barabara, na kijana akarudi kwao mtoni. Chumba cha mabati sasa ni duka la kanda za video, na dirisha la daftari limezibwa kwa bango. Wale wavulana wa matairi wamekuwa na ndevu. Chetezo kiko kwangu, kwenye sanduku la bweni, chini ya sweta, kwa sababu ni marufuku kuwasha kitu chochote bwenini, na kwa mara moja sheria ya shule na ya maalimu zinakubaliana.

Nilipomaliza kuokota taka nilipita jikoni. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na macho mekundu, ameshika kichwa. Nikaweka gunia chini nikamwuliza kama anajua miti ya mathenge iliyojaa kule uani. Akasema anajua, ila nani atakata, ina miiba. Nikakunja mikono ya sweta.